Baraza la Chuo, mwakilishi wa stafu, na yale malimbikizo yako

Ukifika msimu wa kuchagua mwakilishi wa wafanyakazi kwenye Baraza la Chuo, lile grupu la WhatsApp ambalo mwaka mzima lina matangazo ya misiba na michango ya harusi linachangamka ghafla. Watu wanaanza kumwaga madai: malimbikizo ya tangu nipande daraja, posho ya nyumba, kikokotoo cha pensheni, AC ya ofisini iliyokufa, paking. Na mgombea, maana naye anataka kura, anamjibu kila mmoja "nimelipokea hilo". Akishaingia muda unapita, AC haijapona, malimbikizo yako palepale, basi jina linabadilika, sasa anaitwa msaliti, kala posho ya kikao kanyamaza.

Mimi naona tunamwonea. Sio wote, maana wapo kweli waliokula posho wakanyamaza na tunawajua. Ila sehemu kubwa ya lawama inatokana na sisi wenyewe kutojua kile kiti ni cha nini, kina nguvu gani, na nguvu yake inaishia wapi. Kwa hiyo leo tukae tulifungue hili furushi taratibu, na nikianza na hapa kwetu Dar kabla sijazunguka nchi za watu.

Cha kwanza kinachotuchanganya ni vyombo vyenyewe. Kuna Baraza la Wafanyakazi, halafu kuna Baraza la Chuo, halafu kuna Seneti, halafu kuna chama cha wafanyakazi, halafu kuna jumuiya ya wanataaluma, na mtu wa kawaida pale Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), au Muhimbili au Ardhi anavitaja vyote kama kitu kimoja.

Baraza la Wafanyakazi lina historia ndefu nchi hii, linatokana na Waraka wa Rais Na. 1 wa 1970, enzi za Mwalimu, lengo likiwa wafanyakazi washirikishwe kwenye uendeshaji wa mashirika ya umma. Siku hizi kwa watumishi wa umma linasimama kwenye sheria ya majadiliano ya mwaka 2003. Kazi yake ni kujadili maslahi, mazingira ya kazi, bajeti ya taasisi inavyomgusa mfanyakazi. Mwenyekiti wake ni bosi mwenyewe wa taasisi, na linashauri, haliamui. AC yako inakaa humu. Paking nayo inakaa humu.

Chama cha wafanyakazi, yaani THTU au RAAWU, hicho kazi yake ni kukutetea, kuingia mikataba ya hali bora, kukusimamia ukiitwa kwenye nidhamu. UDASA pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni kitu kingine tena, ni jumuiya ya wanataaluma, inapiga kelele kuhusu uhuru wa taaluma na mambo ya nchi, sio chama cha wafanyakazi kwa maana ya kisheria ingawa mara nyingi watu ni walewale. Seneti inashika mambo ya taaluma: mitaala, mitihani, nani anapewa digrii.

Baraza la Chuo ndio juu ya wote hao. Ndio mwenye nyumba kisheria. Linapitisha bajeti, linasimamia mali na ardhi ya chuo, linapitisha kanuni, linasimamia ajira na upandishaji vyeo vya juu, linamwajibisha Makamu Mkuu wa Chuo, ambaye ndiye mtendaji mkuu, na timu yake. Ukitaka kujua saizi ya maamuzi yanayokaa kwenye meza hiyo, simama pale Mlimani City uangalie huku na huku. Ile ardhi ni ya UDSM, mwekezaji kutoka Botswana alipangishwa akajenga, na mkataba wenyewe umewahi kuhojiwa mpaka bungeni. Kitu kama hicho, ardhi ya chuo kufungwa kwenye mkataba wa miaka mingi kiasi kwamba anayesaini atastaafu na anayekuja atastaafu pia, ndio saizi ya Baraza. AC sio saizi yake.

Na malimbikizo? Hapa ndio watu wanakasirika nikisema, lakini ndio ukweli wa chuo cha umma: mshahara wako hautoki Mlimani. Unatoka Hazina, ngazi yake imepangwa na Serikali, na mambo ya muundo wa utumishi yako Ofisi ya Rais, Utumishi. Baraza linaweza kusukuma, linaweza kuandika, linaweza kumbana Makamu Mkuu aseme amefuatilia lini na kajibiwa nini. Kuamua kwamba mwezi ujao mnalipwa, haliwezi. Kinachobaki mikononi mwake kwenye fedha ni hasa mapato ya ndani, yaani ada, pango, miradi, sehemu ya chuo kwenye ushauri wa kitaalamu, na hapo kwa kweli ndio mwakilishi anatakiwa awe macho kuliko mahali pengine popote.

Nani anakaa humo

Zamani kila chuo kilikuwa na sheria yake. UDSM ilianza 1961 na wanafunzi 14 tu wa sheria kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, ikawa tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, halafu 1970 ikapata sheria yake na Mwalimu Nyerere, Rais wa nchi, akawa Mkuu wa Chuo. Makamu Mkuu wa kwanza akawa Pius Msekwa, ambaye alikuwa ametoka kwenye ukatibu wa TANU. Kwa hiyo swali la nani ana sauti kwenye uendeshaji lilianza mapema sana. Mwaka 1971 tu hapo, rais wa wanafunzi, Akivaga, Mkenya, aliandika barua ya wazi kwa Makamu Mkuu, akakamatwa, akarudishwa kwao, chuo kikawaka moto. Na haikuwa bahati mbaya kwamba ilikuwa mwaka uleule wa Mwongozo wa TANU, ambao uliwapa watu wa chini lugha ya kuhoji ubabe wa viongozi, viwandani na chuoni pia.

Baadaye, Aprili 1990, jumuiya za wanataaluma wa vyuo vya Tanzania zilikutana zikatoa Azimio la Dar es Salaam kuhusu uhuru wa taaluma na wajibu wa wanataaluma kwa jamii. Humo hawakuishia kudai uhuru wa kufundisha na kuandika, walidai pia vyuo vijiendeshe na wanaofanya kazi humo washiriki kwenye maamuzi. Wakati huo hilo halikuwa jambo dogo kulisema.

Sasa hivi kinachotawala ni Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2005. Ile ya chuo kimoja kimoja ikaondoka, kila chuo kikapewa Hati Idhini (charter) yake, ya UDSM ni ya 2007. Mkuu wa Chuo pale ni Mzee Kikwete tangu 2016, na taarifa za Ikulu za kuteua wenyeviti wa mabaraza ya vyuo vya umma na makamu wakuu tunazisoma kila mara. Kwa hiyo ukitaka kujua kwenu nani anakaa Barazani, wangapi, wanapatikanaje na kwa muda gani, usiulize kijiweni, tafuta Hati Idhini ya chuo chako na kanuni zake usome. Nakuhakikishia wengi wanaomtukana mwakilishi hawajawahi kuifungua, na kuna wawakilishi pia wameingia hawajaifungua.

Kwa wenzetu hali ni mchanganyiko mkubwa, na ndio maana mtu akikwambia "duniani kote wanafanya hivi" usimwamini.

Kenya walikokuwa na wawakilishi kwenye mabaraza, Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 ikaja kulifanya baraza la chuo cha umma kuwa dogo, watu tisa: mwenyekiti, makatibu wakuu wa wizara ya elimu na hazina, wajumbe watano wanaoteuliwa na waziri, na Makamu Mkuu. Mhadhiri hana kiti kwa uhadhiri wake, mfanyakazi hana, mwanafunzi hana. Hoja yao ni kwamba baraza dogo lina ufanisi. Uganda wakaenda upande mwingine, sheria yao ya 2001 imeweka wanataaluma waliochaguliwa na wenzao, wafanyakazi wasiofundisha, na wanafunzi, ndio maana Baraza la Makerere ni la watu wengi. Afrika Kusini wako katikati kwa akili, na mimi nawapenda kwa hilo: sheria ya 1997 inasema Seneti ichague wake, wanataaluma wachague wao, wafanyakazi wengine wao, wanafunzi wao, ila angalau asilimia 60 ya wajumbe wa Baraza wawe watu ambao sio waajiriwa wala wanafunzi wa hapo. Yaani wa ndani mpo, mnasikika, lakini hamwezi kukaa peke yenu mkajigawia.

Marekani kila jimbo lina lake. Chuo Kikuu cha Kentucky kina bodi ambayo watu 16 wanateuliwa na gavana, halafu wanataaluma wawili, mfanyakazi mmoja asiyefundisha na mwanafunzi mmoja, na wanapiga kura. California, ambayo ukisikia jina lake unadhani ndio mabingwa wa kila kitu, bodi yao ina wajumbe 26, mwanafunzi yumo anapiga kura, lakini wahadhiri wanatuma wawili wanaokaa mezani wanaongea tu, kura hawana. Tennessee tangu mageuzi ya 2016 kwenye zile bodi mpya za vyuo wamegeuza: mhadhiri anapiga kura, mwanafunzi hapigi. Florida hawafanyi uchaguzi maalumu wa kiti hicho, mwenyekiti wa seneti ya wahadhiri anaingia moja kwa moja kwa cheo chake.

Uskoti ndio waliandika kwa undani zaidi. Sheria yao ya 2016 inataka kila bodi ya chuo kikuu iwe na watu wawili waliochaguliwa na wafanyakazi wote, halafu mmoja kutoka chama cha wafanyakazi wa taaluma, mmoja kutoka chama cha wale wengine, na wanafunzi wawili. Angalia hapo walivyotenganisha: aliyechaguliwa na stafu kwa kura ni kiti kimoja, aliyeletwa na chama ni kiti kingine. Sisi huku mara nyingi tunavibana pamoja halafu tunashangaa mtu mmoja anashindwa kuvaa kofia mbili.

Hata UNESCO, kwenye mapendekezo yake ya Novemba 1997 kuhusu hadhi ya walimu wa elimu ya juu, walisema wawe na haki ya kushiriki kwenye vyombo vya uongozi, na kwenye vile vya kitaaluma wawe na haki ya kuchagua wajumbe walio wengi. Ila soma vizuri, wanaongelea wanaofundisha. Katibu muhtasi, fundi sanifu, dereva, hao hawamo kwenye hayo mapendekezo.

Unawakilisha, lakini hutumwi

Sasa tuje kwenye fundo lenyewe, maana hili ndilo linaloharibu mahusiano ya mwakilishi na waliomchagua.

Mjumbe wa Baraza akishakaa pale, kisheria anafanya kazi kwa ajili ya chuo, sio kwa ajili ya kundi lililompeleka. Afrika Kusini wameliandika kabisa kwenye sheria, kwamba mjumbe ashiriki kwa maslahi bora ya taasisi. Kwa maana hiyo ninyi mnamchagua lakini hamumtumi kama mnavyomtuma mtu wa chama kwenye meza ya majadiliano. Akiona kwamba kitu mnachokitaka kitakiua chuo, anatakiwa apige kura ya kukataa na arudi awatazame usoni. Hii inauma kuisikia lakini bila hivyo kila mjumbe angekuwa wakili wa waliomtuma, wa wizara anavutia wizara, wa wanafunzi anavutia ada ishuke, wa stafu anavutia posho, na chuo chenyewe hakina mtu.

Hapo ndipo wapinzani wa kiti cha stafu wanapopata pa kushika. Wanasema kama ni hivyo, mwajiriwa atakaaje kumsimamia bosi wake, na atapitishaje bajeti yenye mshahara wake, huo si mgongano wa maslahi? Ni hoja ya maana, sitaki kuidharau. Lakini mbona wanaiona kwa mwajiriwa tu? Mtu wa nje aliyeteuliwa naye anaweza kuwa na kampuni inayotaka tenda. Ofisa wa wizara anakuja na msimamo wa wizara mfukoni. Aliyeteuliwa na mkubwa anajua atateuliwa tena au la kutegemea alivyokaa. Mgongano wa maslahi dawa yake inajulikana siku zote, unatangaza maslahi yako, ajenda ikifika unatoka nje, ikiisha unarudi. Kama hiyo dawa inamtosha mwenye kampuni, itamtosha na mhadhiri.

Na tukishasema mwakilishi sio mtetezi wa madai, basi wa nini? Kwa maoni yangu hapa ndio penye jibu lote. Fikiria mjumbe wa nje, mtu mzima mwenye heshima zake, jaji mstaafu au balozi, anakuja chuoni mara chache kwa mwaka. Anachokijua kuhusu chuo kakisoma kwenye kabrasha. Na kabrasha limeandikwa na nani? Menejimenti. Yaani Baraza linamsimamia Makamu Mkuu kwa kutumia taarifa zilizoandikwa na ofisi ya Makamu Mkuu. Sisemi wanadanganya, ila kila binadamu akiandika ripoti yake mwenyewe anaanza na yaliyofanikiwa. Mwakilishi wa stafu ndiye pekee mezani anayejua jengo linanuka nini bila kusubiri ripoti. Thamani yake iko hapo, kwamba Baraza lina chanzo cha pili cha habari.

Tuseme kwenye jedwali la utekelezaji wa bajeti kuna mstari unasema "ukarabati wa maabara ya kemia", safu ya mwisho imeandikwa "umekamilika". Wajumbe wa nje wanapita, hakuna cha kuuliza. Fundi sanifu wa ile maabara anajua kuta zimepakwa rangi nzuri sana, milango imewekwa vitasa vipya, ila lile kabati la kufyonza hewa ya kemikali halivuti, ukiwasha linanguruma tu, na wanafunzi wanafanya majaribio ya asidi madirisha wazi. Mwakilishi ambaye wiki moja kabla ya kikao alipita maabara akanywa chai na mafundi anafungua kabrasha anasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba ufafanuzi ukurasa huu, ukamilifu umepimwaje?" Hajalaumu mtu wala hajadai posho ya mtu, lakini swali hilo moja lina faida kwa chuo kuliko hotuba nzima kuhusu malimbikizo.

Ila kuuliza swali hilo sio rahisi kama nilivyoliandika. Fikiria wewe ni mhadhiri ulipandishwa juzi, ng'ambo ya meza amekaa profesa aliyekufundisha, ambaye asubuhi mlipokutana kwenye korido ulimwamkia shikamoo Prof, na faili lako la kupanda cheo litapita kwenye kamati anayoiongoza yeye au rafiki yake. Mzee ameshasema ukarabati umekamilika. Unanyoosha mkono? Wengi hawanyooshi, na tusiwacheke. Ndio maana namna mtu anavyoingia kwenye kile kiti ni kitu kikubwa sana. Aliyeingia kwa kura ya siri ya wenzake ana mahali pa kuegemea, anaweza kusema "wenzangu wameniuliza niulize". Aliyependekezwa na utawala kwa sababu ni mtulivu na hana matatizo, huyo hata akiwa na nia njema, anadaiwa.

Vitu vya ndani ya kikao ambavyo hamuoni

Agenda zenyewe ukiziona utasinzia. Kufungua, akidi, kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita, yatokanayo, taarifa ya Makamu Mkuu, taarifa za kamati, mengineyo, kufunga. Watu wanadhani mengineyo ndio mahali pa mwakilishi kumwaga ya kwake. Hapana bana, kufika mengineyo watu wanaangalia saa, magari yanaunguruma nje, mwenyekiti anasema tutalichukua. Silaha ya mwakilishi iko kwenye yatokanayo. Ukishafanikiwa swali lako liingie kwenye muhtasari kikao hiki, kikao kijacho litajitokeza lenyewe kwenye yatokanayo na mtu atatakiwa alijibu, na kijacho tena, halifi mpaka lijibiwe. Kwa hiyo mwakilishi mzuri anasoma muhtasari kuliko anavyosoma hotuba, anahakikisha alichouliza kimeandikwa kama alivyokiuliza, sio "mjumbe mmoja alitaka kujua kuhusu maabara".

La pili ni kamati. Maamuzi mengi yanakuja Barazani yameshaiva, yamepikwa kwenye kamati ya fedha, ya ajira, ya ukaguzi. Kama mwakilishi wenu hayupo kwenye kamati hata moja ya maana basi anakuja kupiga muhuri. Siku ya kugombania uwakilishi watu wanauliza utatuletea nini, hakuna anayeuliza utaomba kukaa kamati gani, na mimi ningempa kura anayenijibu hilo. Halafu kuna maamuzi ya mzunguko, makaratasi yanapitishwa mkononi au kwa imeili kila mjumbe anasaini bila kikao kukaa. Yana umuhimu wake kwenye dharura, ila yakizoeleka hakuna anayeuliza swali mbele ya mwenzake.

Na kabrasha likija usiku wa kuamkia kikao, limejaa majedwali, hiyo nayo ni mbinu hata kama hakuna aliyeikusudia. Mwakilishi anayo haki ya kusema hajapata muda wa kulisoma na akaomba hilo liandikwe.

Halafu kuna siri. Hapa wawakilishi wengi wanajificha, "ya kikao ni siri", basi, mwisho wa mazungumzo. Siri ipo na ni ya lazima: faili la mtu wa nidhamu, tenda kabla haijafungwa, nani alisema nini wakati wa mjadala, muhtasari ambao haujathibitishwa. Ukivujisha hivyo unastahili kuondolewa. Lakini uamuzi ukishapitishwa na kuthibitishwa, kwamba bajeti imepita, kwamba kanuni ya kupanda vyeo imebadilika kifungu hiki na hiki, na sababu zilizotolewa, hiyo sio siri ya kuwaficha watu itakaowaamulia maisha yao. Na kabla ya kikao, unaweza kukusanya maoni bila kupiga picha hata ukurasa mmoja wa kabrasha. Unauliza tu: jamani mambo ya hosteli yakoje, maabara zikoje, wanafunzi wa jioni wanafundishwa na nani. Mwakilishi anayekaa na watu kabla na baada ya kikao, hata kwa nusu saa kwenye kantini, hatahitaji kuvujisha kitu ili aonekane anafanya kazi.

Waendeshaji na wengine wasiokuwa na kura

Jambo jingine ambalo sisi wa upande wa kufundisha hatupendi kulisema: mwakilishi wa "wafanyakazi" mara nyingi anaishia kuwa mwanataaluma, kwa sababu anajulikana, anaongea vizuri, ana Dokta mbele ya jina. Wafanyakazi waendeshaji, yaani wahasibu, wakutubi, makatibu muhtasi, mafundi sanifu, madereva, wanapata mtu anayewasemea kwa kukisia. Wakati wao ndio wanaojua mahali pesa inapovujia, mtu wa stoo anajua karatasi zilizoagizwa ni ngapi na zilizofika ni ngapi, profesa hajui. Ndio maana Kentucky wana kiti tofauti cha asiyefundisha, Uskoti wametenganisha vyama viwili, Uganda na Afrika Kusini hivyo hivyo. Kama Hati Idhini ya chuo chenu inatoa kiti kimoja kwa wote, basi angalau mkubaliane kupokezana, muhula huu mwanataaluma, ujao mwendeshaji.

Na bado kuna watu wako nje kabisa ya hili hesabu. Dada anayedeki ukumbi wa Nkrumah asubuhi kabla ya kipindi ameajiriwa na kampuni ya usafi, sio na chuo. Mlinzi wa getini ni wa kampuni ya ulinzi. Yule anayefundisha kwa muda vipindi viwili halafu anakimbilia chuo kingine Kigamboni hana mkataba wa kudumu. Hao hawapigi kura ya mwakilishi yeyote, na mkataba wa hiyo kampuni ya usafi ni moja ya vitu vinavyopita kwenye vikao vya bajeti. Sijaona nchi iliyolimaliza hili vizuri, ila mwakilishi anaweza kuuliza kampuni inawalipa lini na kiasi gani, haikatazwi.

La mwisho ni la kiufundi lakini linasumbua sana. Mmechagua mtu, yuko vizuri, anauliza maswali, halafu katikati ya muhula anateuliwa kuwa Amidi (dean) au Rasi wa Ndaki (mkuu wa college). Hongera nyingi kwenye grupu, keki ofisini. Ila sasa naye ni menejimenti, yale majedwali ya utekelezaji mengine ameyaandika yeye. Anaendelea kukikalia kiti chenu au anakiachia? Kuna kanuni za uchaguzi zinazosema wazi kwamba akipata madaraka ya uongozi kiti kinakuwa wazi na uchaguzi unaitishwa, na kuna ambazo zimekaa kimya, na pale zilipokaa kimya hakuna mtu anayetaka kuwa wa kwanza kumwambia Rasi mpya aachie. Kwa hiyo zifungueni za kwenu mwangalie kipengele hicho sasa hivi wakati hakuna jina la mtu mezani, na kama hakipo, jumuiya yenu na chama mwandike kwa Katibu wa Baraza kiwekwe kabla ya uchaguzi ujao.